Riboni Iliyofutika

Najua nimepotea. Wapo walionitumia meseji wakidhani nimeshaolewa, wapo waliosema huyu kamaliza chuo sasa anajiona. Wala. Nipo, nimerudi Mlimani wiki ya pili sasa kwa ajili ya mahafali, na kwa vile chumba sina tena nimebebwa na mdogo wangu mmoja wa mwaka wa pili pale Mabibo. Tunalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, miguu yake usoni kwangu. Mliowahi kubebana mnanielewa.

Leo nina stori ya riboni. Najua mtacheka, mtu kakaa kimya miezi saba halafu anarudi na stori ya riboni. Lakini vumilieni, maana riboni hii imeninyima usingizi kuliko hata ripoti ya utafiti. Na iko siku mmoja wenu atapewa kazi kama hii, ya harusi, ya sendofu, ya msiba, ya mahafali, na atakimbilia stationeri kama nilivyokimbilia mimi. Basi asome hapa kwanza.

Tuanzie mwezi wa nne.

Mnakumbuka tulimpoteza mwenzetu. Jina lake siliandiki hapa, waliokuwa naye wanamjua na familia yake inastahili utulivu. Nitasema tu kwamba alikuwa anakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha, na wakati wa yuei ndiye aliyekuwa anatugawia noti zake bila kuringa. Aliumwa wiki moja tu. Tulikuwa mwaka wa mwisho, imebaki miezi mitatu tumalize.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa darasa. Kwa hiyo michango ya msiba ilikuja kwenye simu yangu, na mimi ndiye niliyeambiwa nishughulikie shada la maua pamoja na riboni yake, ile inayozungushwa kwenye shada ikiwa na jina la marehemu na ujumbe wa wanaomuaga. Ilikuwa jioni tayari, na basi la kwenda Lushoto linaondoka saa tano usiku. Maua nikapata. Riboni nyeupe nikapata. Kasheshe ikawa kuiandika.

Nikaingia stationeri moja ya karibu na hosteli (siitaji, kosa lilikuwa letu sote). Kaka wa pale akasema, "Hiyo ndogo sana dada." Akaibandika riboni kwa seloteipu juu ya karatasi ya A4, akaipitisha kwenye printa yake ya wino wa maji, ile anayotolea picha za pasipoti. Ikatoka na herufi za buluu iliyokolea, utadhani imetoka kiwandani. Kwa vile ujumbe ulikuwa mrefu kuliko karatasi, akachapa vipande vitatu, mimi nikaviunga kwa gundi. Elfu tatu tu. Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la darasa, watu wakaweka mioyo na mikono ya sala. Nikajisikia nimefanya kazi.

Tulifika Mombo alfajiri tukaanza kupanda zile kona za kwenda Soni, ukungu umefunga, hakuna anayeongea. Waliokulia Usambara wanajua mwezi wa nne kukoje huko, ni masika. Mvua ilianza wakati mchungaji anamalizia, si kubwa, ile ya rasharasha isiyokata. Wakaita "wanafunzi wenzake." Tukasogea, CR mbele, mimi nimebeba shada. Nilipoinama kuliweka nikaona vidole vyangu vina buluu. Nikatazama riboni. Jamani, herufi zilikuwa zinatembea! Jina lake lilikuwa linashuka kama wanja wa mtu anayelia.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kafunikwa mwavuli. Akanyoosha mkono, akaishika ile riboni, akaigeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa mmeandika nini?"

Nikamsomea kwa kichwa. Ujumbe wote, na jina lake lote la herufi 19. Akaitikia, akasema ahsanteni wanangu. Hakuna aliyenilaumu, hata mmoja. Lakini ile buluu ilikaa kwenye kucha zangu mpaka tunarudi Dar, na kila nikinawa naiona.

Baadaye ndiyo nikaja kuelewa kilichotokea. Riboni nyingi za kung'aa ni za poliesta, na poliesta ni jamii ya plastiki, hainywi maji kama pamba inavyokunywa. Wino wa ile printa ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Unakaa juu juu, unakauka, unapendeza, ila haujashika popote. Tone la kwanza la mvua likija, unaondoka nalo.

Sasa turuke mpaka mwezi wa kumi. Grupu la darasa ambalo lilikuwa limebaki la matangazo ya kazi na vichekesho likafufuka. CR akaandika: mahafali tumwalike mama yake. Siku hiyo kila mmoja wetu avae kifuani riboni yenye jina la mwenzetu, na mama tumvishe utepe mpana wa begani. Tulikuwa 64, elfu tatu tatu, jumla 192,000. Nani ashughulikie? Wakanitaja mimi! Nikazima data nikalala.

Usiku ule ule CR akanipigia pembeni. "Ukikataa hakuna atakayekulazimisha," akasema. Nikamwambia nitafanya, ila sitatoa hata senti mpaka nijue ninanunua nini. Ndiyo nikaanza kuzunguka.

Grupu lilikuwa limeshaamua: riboni nyeusi, maandishi ya dhahabu. Mimi nilivyosikia dhahabu nikamkumbuka mzee mmoja anayejalidi tasnifu, yule anayetupigia majina ya dhahabu kwenye majalada magumu. Nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeleta tasnifu?"

"Nimeleta riboni."

Akacheka, lakini akanionyesha kazi yake yote. Herufi zake ni za chuma, anazipanga kwa mkono mojamoja kwenye fremu, zimekaa kinyume. Zinapashwa moto. Katikati ya herufi na jalada anaweka karatasi nyembamba sana yenye tabaka la rangi ya dhahabu. Akikandamiza, pale herufi zilipogusa dhahabu inahama inabaki kwenye jalada, kwingine kote inabaki kwenye karatasi. Wino hakuna kabisa, ni moto na mgandamizo tu. Nilivyompa kipande cha riboni nyeusi akanipigia jina moja. Lilikuwa zuri jamani, linameta kama kitu cha Ikulu.

Halafu mwenyewe akakichukua, akakikunja katikati ya herufi, akakinyoosha. Kwenye kunjo dhahabu ikawa imepasuka mstari. "Hii ni ya kitabu kinachokaa kabatini," akaniambia. "Riboni mtaikunja, mtaifunga, mtaisuguasugua. Kwa siku moja itafaa. Ukitaka ikae miaka, sikudanganyi." Nikataka kumlipa kwa lile jaribio, akakataa. Mungu ambariki.

Jumamosi yake tukapanda mwendokasi pale Ubungo na rafiki yangu mmoja, tukashuka Gerezani, tukaingia Kariakoo. Kule kuna wanaobandika majina kwenye jezi. Hawa wanatumia vinaili, karatasi laini ya plastiki yenye gundi nyuma inayoamshwa na joto. Mashine ya kompyuta inakata herufi, kisha fundi anapalia, yaani anang'oa kwa sindano zile sehemu zisizotakiwa, tundu la "a", tundu la "e", yote kwa mkono. Halafu anabandika kwa mashine ya joto. Kwa namba 10 ya mgongoni ni safi kabisa. Lakini riboni yetu ilikuwa upana wa inchi moja, na jina la herufi 19 lilitakiwa lienee kwenye sentimita 15. Herufi zinakuwa ndogo. Fundi alikata moja ya majaribio, nukta ya "i" ikabaki kwenye sindano. "Dada, hizi 64 nitapalia mpaka Krismasi," akasema.

Jirani yake ana mtambo mpya zaidi, wenyewe wanauita di-ti-efu. Unachapa maandishi kwenye karatasi ya plastiki pamoja na wino mweupe chini yake, unanyunyizia unga wa gundi, unaupasha, kisha unahamishia kwenye nguo kwa joto. Uzuri wake ni kwamba kwa sababu ya ule wino mweupe unaonekana hata kwenye kitambaa cheusi, na herufi ndogo hazina shida. Ubaya wake kwa riboni nyembamba ni kwamba unaongeza ngozi juu ya kitambaa. Nilivyoishika ilikuwa ngumu, haianguki vizuri, kama plasta iliyobandikwa. Ila nikaiandika kwenye daftari kuwa ya kwanza mpaka hapo, maana sisi tulikuwa tunataka nyeusi.

Tukaenda na kwa fundi wa skrini, hawa wanaochapa fulana za kampeni na za matembezi ya hisani. Ana fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chepesi chenye vitundu vidogo sana. Anakipaka dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Maandishi yako yakiwa meusi kwenye trasi yanauzuia mwanga, kwa hiyo pale dawa haigandi, inaoshwa na maji, panabaki wazi. Hapo ndipo wino unapopita ukisukumwa kwa raba. Kila rangi na fremu yake. Kazi yote iko mwanzoni, kutengeneza fremu. Ikishakamilika, kuchapa moja au mia tano ni mkono tu unaokwenda na kurudi. Yeye alikuwa mkweli kuliko wote: "Ukiniletea riboni 1,000 nitakuwa rahisi kuliko kila mtu hapa Kariakoo. Ukiniletea 64, fremu itakula hela yenu."

Akanitahadharisha na kitu kingine ambacho sikukijua. Wino wake wa plastiki lazima upikwe kwa joto la kama nyuzi 160 ndiyo ushike. Kwenye poliesta ya rangi iliyokolea, joto hilo linaiamsha rangi ya kitambaa chenyewe, inapanda kwenye wino. Unachapa nyeupe juu ya nyekundu, kesho yake unaikuta imekuwa pinki.

Waliobaki niliwapitia haraka. Fundi wa tarizi wa cherehani ya kompyuta, kazi yake haifutiki mpaka kitambaa kioze, lakini riboni ya satini ya inchi moja inajikunja pale sindano zinapojazana, na bei inakwenda kwa wingi wa mishono. Na mwingine anachapa lebo za nguo, zile za ndani ya kola. Mashine yake nayo ina utepe wake ndani wenye wino mkavu wa nta au wa utomvu, unayeyushwa na joto kuhamia kwenye lebo. Huyu nilimpenda, maana hahitaji fremu wala bamba, angeweza kuandika jina tofauti kwenye kila riboni bila gharama kuongezeka. Lakini alikuwa na nyeupe na nyeusi tu, na wino mweusi tu.

Nikarudi Mabibo na daftari limejaa bei. Nikakaa kitandani nikaona sina jibu. Nilikuwa nimewauliza mafundi sita swali lile lile, "Shilingi ngapi?", na kila mmoja alinijibu sawasawa. Ila riboni ya shada nayo ilikuwa na bei nzuri sana.

Kesho yake nikamwambia CR tumpigie mama kabla ya kuamua lolote. Tukaweka spika. CR akamwamkia, akamweleza, akamwambia tumefikiria nyeusi na dhahabu. Kukawa kimya kidogo. Tukadhani mtandao umekata.

"Wanangu," mama akasema, "nyeusi nimeivaa. Ninayo bado. Siku hiyo ni furaha yenu, msije na nyeusi. Vaeni ile buluu nyepesi, ya shati lake la sekondari."

Halafu nikauliza la jina. Nilikuwa na orodha ya chuo, nikamsomea kama lilivyo, herufi kwa herufi. Akanikatiza. Jina la kati limekosewa. Lilikosewa tangu cheti cha darasa la saba, na kwa kuwa kubadilisha ni mzunguko, likaendelea kukosewa mpaka chuo kikuu. "Nyie andikeni kama nilivyomwita mimi," akasema. Akanitajia, nikaandika, nikamrudishia mara mbili. Fikirieni, hata lile la kwenye shada lilikuwa limekosewa, na hakusema.

Ile simu ya dakika saba ndiyo iliyochagua mtambo, siyo mimi. Kwa sababu rangi ikishakuwa nyepesi, mlango mwingine unafunguka: sublimesheni. Hii ndiyo wanayotumia kwenye vikombe vya picha. Unachapa kwanza kwenye karatasi kwa wino maalumu, maandishi yakiwa kinyume. Unailaza karatasi juu ya kitambaa, unakandamiza kwa mashine yenye joto la nyuzi 190 mpaka 200 kwa muda wa dakika moja hivi. Kwa joto hilo wino haupiti kwenye umajimaji, unatoka kwenye ukavu moja kwa moja kuwa mvuke, unaingia ndani ya nyuzi za poliesta. Ikipoa, umefungiwa humo. Ukipitisha kidole husikii kitu, kwa sababu juu ya kitambaa hakuna kilichoongezwa. Na kisichokaa juu hakibanduki.

Masharti yake mawili: kitambaa kiwe poliesta, pamba haikubali, na kiwe cheupe au cha rangi nyepesi, kwa sababu mtambo huu hauna wino mweupe. Kwenye nyeusi hutaona kitu. Yaani tungeng'ang'ania nyeusi yetu, njia hii ingekuwa imefungwa.

Nikanunua Kariakoo rola moja ya buluu nyepesi, inang'aa vizuri na bei chee. Nikaenda nayo kwa dada mmoja mwenye duka la vikombe upande wa Sinza. Hakuwasha hata mashine. Alikata kipande kidogo, akawasha kiberiti, kikayeyuka, akanipa ninuse. "Inanuka nini?" Nikamwambia mshumaa. "Basi hii ni polipropilini, riboni ya kufungia maua. Inayeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu. Mimi nafanyia kazi 200. Nikiiweka hapa, tutaikwangua kwenye bamba langu kwa kisu." Akatoa kipande chake cha satini ya poliesta akakichoma, kikajikunja, moshi mweusi, kikaacha kijidonge cheusi kigumu. "Tafuta hii."

Nikarudi Kariakoo. Sasa nikawa mimi ndiye mwenye kiberiti, wauza riboni wananishangaa. Nikapata. Rola ya yadi 25 ni kama mita 22.9. Sisi 64 kwa sentimita 20 kila mmoja ni mita 12.8. Kwa hiyo rola moja ilitosha na kama mita kumi zikabaki za majaribio na za kuharibika. Ya mama nikanunua ya upana wa sentimita 10.

Na safari hii nikafanya majaribio kwanza. Dada yule akanichapia vipande vitatu. Nikavikusanya na vile vya mafundi wengine nilivyokuwa nimevihifadhi, vyote nikaviloweka usiku kucha kwenye ndoo ya maji na sabuni ya unga, mwenye chumba akilalamika ndoo yake ya kuogea imegeuzwa maabara. Asubuhi nikavifikicha kama nafua soksi, nikavianika juani, nikavipiga pasi. Dhahabu ya mzee ilikuwa imebaki madoamadoa. Vinaili ilikuwa imeinuka kwenye ncha za herufi. Di-ti-efu ilikuwa nzima ila ngumu. Skrini, nzima kabisa. Sublimesheni ilikuwa kama ilivyotoka. Dada akaniambia ukweli mwingine, kwamba hata hii ikikaa juani miezi na miezi itapauka, kwa hiyo mama asiitundike dirishani. Nikashukuru kuambiwa. Fundi anayekuambia kazi yake inashindwa wapi, huyo mpe kazi.

Tulichapa siku ya Alhamisi. Bamba la mashine yake linachukua riboni kumi kwa mkupuo, kwa hiyo mikupuo saba. Wa kwanza tuliuharibu, karatasi ilisogea kidogo wakati wa kufungua, herufi zikatoka na vivuli kama zina mapacha. Wa pili akabana karatasi kwa seloteipu isiyoyeyuka kwa joto, zikatoka safi. Ya mama ilikuwa na mtihani wake. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, kwa hiyo maandishi tukayaweka ndani ya sentimita 28, yakae kifuani, kwingine kote pabaki patupu. Hakuna kuunga kwa gundi tena! Kabla hajabonyeza, nikamwomba tusome jina pamoja kwa sauti, herufi kwa herufi, yeye kutoka kwenye skrini, mimi kutoka kwenye daftari. Tukasoma mara tatu.

Usiku tukakaa wanne chumbani kumalizia ncha. Poliesta ukiikata inaanza kuchanika nyuzi, dawa yake ni kupitisha ncha karibu na mwali wa mshumaa, karibu tu, isiguse, inayeyuka kidogo na kujifunga. Tukafanya ncha 128. Mmoja akaunguza mbili tukamnyang'anya mshumaa tukampa kazi ya pini. Tuliongea habari zake usiku ule kuliko tulivyoongea tangu azikwe. Nikagundua kuwa tulikuwa tunamkwepa. Ilihitajika kazi ya mikono ndiyo midomo ifunguke.

Kwa wenzangu mtakaopewa kazi hii, nafupisha. Anza na riboni itakaishi wapi: mvuani, kwenye keki, kifuani siku moja, au kabatini kwa mama wa mtu miaka ishirini. Kisha ijue imetengenezwa na nini, na kiberiti kitakwambia. Kisha rangi. Nyepesi na ya poliesta, sublimesheni. Nyeusi, di-ti-efu, au dhahabu ya moto kama ni ya siku moja. Nyingi kwelikweli na za rangi moja, skrini. Kila moja na jina lake, mtambo wa lebo. Bei iwe swali la mwisho. Na wino wa maji wa stationeri, hapana, hata kama basi linaondoka saa tano.

Mahafali yalikuwa juzi Jumamosi. Jua kali, hakuna hata wingu, nikawa najicheka mwenyewe kwamba nimejiandaa kwa mvua isiyokuja. Mama alifika na mjomba, amevaa kitenge cha kijani. Tulimzunguka wote 64 na majoho yetu, CR akasema maneno mawili akashindwa, akanipa mimi ule utepe. Nikamvisha.

Hakulia. Alilishika lile jina kwa vidole, akalipitishia dole gumba taratibu, halafu akalowanisha dole gumba kwa ulimi, akasugua tena, pale kwenye jina la kati. Akatazama kidole chake. Kilikuwa safi.

"Hii haitoki?" akaniuliza.

"Haitoki mama."

Akasoma kwa sauti, mwenyewe, jina lote. Sikumsomea mimi.

Haya, mwenye chumba anataka kuzima taa na mimi nimemaliza. Riboni nane zimebaki, waliokuwa wanamfahamu kutoka kozi nyingine wanitafute kabla ya Ijumaa, narudi nyumbani. Usiku mwema.